Prefe na Saba Mara Nane

Siku Prefe alipotuandikia kwamba saba mara nane ni hamsini na nne, nilikuwa mjini Aru, nimekaa juu ya magunia ya maharage nikingoja lori lijae. Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Nikazima simu, nikaiwasha tena, labda kosa lilikuwa la mashine. Wapi. Saba mara nane ni hamsini na nne, na chini yake sura sita za manjano zinazocheka mpaka machozi, na picha ya paka aliyevishwa ua kichwani.

Asiyemjua atasema, basi, mzee amekosea hesabu, dunia haijaanguka. Lakini huyu ndiye aliyetufundisha hesabu pale Bunia, mashariki ya Kongo, kabla ya kuwa mkuu wa shule yetu ya sekondari. Mkuu wa shule kwetu anaitwa prefe, na yeye hata baada ya kustaafu hakurudishiwa jina lake la zamani. Mama wauza nyanya humwita Prefe. Padri humwita Prefe akiwa madhabahuni. Nasikia hata marehemu mkewe alimwita Prefe siku zote, isipokuwa akikasirika. Hapo alimwita Musyé, yaani Bwana, na nyumba nzima ilinyamaza.

Mimi ni mtu wa njia. Nimelala Kisangani, Butembo, Mahagi, Kampala, nimeuza vitenge, nimesindikiza mizigo, na kila mji nilioingia nilionyeshwa mtu mmoja anayesifiwa kwa akili. Kila mara nilimsimamisha kimoyomoyo karibu na Prefe, kama unavyompima mtoto urefu ukutani, na kila mara alitokea mfupi. Ndiyo maana ile hamsini na nne iliniuma. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba ukuta wenyewe umeinama.

Biki yake nyekundu, kalamu ya kusahihishia, haikuwa na kifuniko. Aliitia katika mfuko wa shati, upande wa moyo, na mashati yake yote yalikuwa na doa jekundu mahali pale. Katika ile miaka mibaya ya vita askari mmoja kwenye kizuizi alimwona akashtuka.

"Muzee! Umepigwa risasi?"

Prefe akajitazama kifuani, akaonyesha biki. "Hapana," akasema. "Ni banafunzi ya mwaka wa ine."

Walimpitisha wakicheka, na watu waliokuwa nyuma yake kwenye mstari wakapita naye wote, bila kuulizwa kitu.

Biki ile ilisahihisha kila kilichoandikwa. Ukimwandikia barua ya kuomba ruhusa, ulirudishiwa na alama juu ya ishirini, kama mtihani. Mwenzetu mmoja alimwalika harusini. Prefe alikuja, amevaa koti, amebeba zawadi, akacheza dansi na mama mkwe, na wakati wa kupeana mikono alimtilia bwana harusi karatasi kiganjani. Ilikuwa ile kadi ya mwaliko, imesahihishwa. Kumi na tatu juu ya ishirini. Ndoa imedumu na kadi iko ukutani mpaka leo.

"Andika kama mutu iko na viatu," alituambia. Mimi aliniambia zaidi ya wengine, kwa sababu niliandika kama mtu anayekimbia. Siku moja nilimpelekea maelezo ya kwa nini sikufika shuleni siku tatu. Akayasoma, akanitazama miguuni ingawa nilikuwa nimevaa viatu vyangu vizuri kabisa. "Umeingia ndani ya barua yangu miguu bure," akasema, "na ni wakati wa mvua. Angalia namna umenichafulia."

Usidhani alikuwa mtu mkavu. Alikataza kukimbia barazani, na yeye mvua ikianza alikimbia kama mtoto, suruali ameishika kwa mikono miwili. Alikataza kutafuna darasani, na ukifungua vitabu vyake yalidondoka maganda ya karanga. Alichukia kuchelewa kuliko dhambi, lakini saa ya ukutani nyumbani kwake ilikuwa imesimama, na ukimwambia anajibu kwamba anajua, hata yeye amechoka nayo. Alikupa adhabu ya kulima shamba la shule, kisha baada ya robo saa alikuja na jembe lake, akalima pembeni yako akiendelea na somo. Mimi pembetatu nimejifunzia udongoni. Mpaka leo nikiona shamba lililolimwa vizuri natafuta pembe ya digrii tisini.

Sifa alikuwa bahili nazo. Sifa yake kubwa ilikuwa "Haiko mbaya." Yuko mama mmoja aliyesoma nasi, sasa anapikia wachimba dhahabu huko Nizi, ambaye alipewa "Haiko mbaya" mara mbili. Wateja wake wote wanaijua habari hiyo.

Simu alitumiwa na binti yake, muuguzi anayeishi Kampala. Wakati huo sisi wanafunzi wa zamani, zaidi ya hamsini, tulikuwa na grupu yetu kwenye simu, tukamwingiza kwa shangwe. Alianza kama tulivyomtegemea. Juu aliandika Bunia na tarehe. Akaruka mstari. "Wapenzi wanafunzi wangu wa zamani." Akaruka mstari tena. Aya tatu zilizonyooka kama mistari ya mihogo, akiuliza hali zetu na za familia zetu, kisha jina lake kamili na cheo.

Watu watano hivi walijibu, wote kwa maneno yaleyale: salama Prefe, asante Prefe. Wengine kimya.

Najua sababu kwa kuwa mimi nilikuwa mmoja wa wale kimya. Tulikuwa na miaka arobaini na kitu, wengine na mvi, wengine na wajukuu, na bado tulimwogopa. Niliandika "Asante Prefe, mimi ni mzima", nikasoma, nikaona kama kuna kosa, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nafikiri jioni ile, toka Kinshasa mpaka Kampala, watu wazima wengi walikuwa wanaandika na kufuta.

Barua zake zilifika kila wiki, miezi mitatu. Halafu asubuhi moja akaja paka wa kwanza.

"Bonzuuuur vifaranga vyanguuuu!" Maua. Mioyo. Jumatano alitutakia heri ya Jumapili. Siku nyingine aliuliza juu ya wilaya: "Marabo iko Djugu ama Irumu? Mi naona ni Djugu." Watu wa Marabo, ambao hatukuwasikia tangu grupu ianze, waliamka wote kwa pamoja. Irumu, Prefe! Irumu! Tangu lini Djugu? Mmoja alituma picha ya bibi yake, eti bibi huyu ni wa Irumu toka kuzaliwa. Prefe akajibu kwa sura kumi za kucheka na neno moja: "Kumbe!"

Mwanzoni tulicheka. Baadaye kicheko kikaingiwa na wasiwasi.

Ajabu ya maandishi ya simu ni kwamba hayana uso. Prefe akikwambia jambo la kipuuzi mkiwa mmekaa pamoja, unaona jicho lake la kushoto likijifinya kidogo, unajua anakuchezea. Kwenye simu jicho lile halipo. Kuna paka tu. Na sisi tuliomjua mtu huyu miaka mingi, tuliokula karanga zake na kulima naye, tulimwacha Prefe tunayemjua tukamwamini paka.

Kila grupu huwa na grupu ya pili, ile ya kumsema mtu mmoja aliye katika ile ya kwanza. Ya kwetu ilifunguliwa na mwenzetu tunayemwita Mwanasheria. Alianza masomo ya sheria Kisangani akayaacha katikati, lakini maandishi yake yalivaa joho. Hakuandika "nadhani". Aliandika "kwa kuzingatia" na "kwa kuwa" na "hivyo basi". Tulimhesabu kuwa ndiye mwenye akili kutuzidi wote. Nikijiuliza sasa ni jambo gani la akili aliwahi kusema, sikumbuki hata moja. Nakumbuka tu kwamba lilikuwa refu.

"Muzee ameisha," aliandika mmoja katika grupu ile ya pili.

"Ile kichwa ilikuwa kama kompyuta!"

"Kompyuta nayo inazeekaka, ndugu."

"Jana ameniita kifaranga. Mimi! Niko na kilo mia moja!"

Ndipo Mwanasheria akashuka: "Kwa kuzingatia heshima tuliyo nayo kwa mlezi wetu, na kwa kuwa dalili zinaongezeka siku hata siku, ni wajibu wetu kuijulisha familia." Tukampigia makofi ya manjano. Akatengeneza orodha ya makosa yote ya Prefe, moja baada ya lingine, paka kwa paka, akamtumia binti yake Kampala.

Hamsini na nne ndiyo ilifunga orodha.

Binti alinipigia simu nikiwa bado juu ya magunia. Ni mkubwa wangu kidogo, mimi humwita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Mudogo wangu, uko wapi?"

"Aru, Yaya."

"Unashuka Bunia?"

"Lori likijaa."

"Unipitie kwa Papa. Nimesoma ile orodha nikalia kazini mpaka mgonjwa akanipa leso yake. Papa hakosei saba mara nane. Na yuko peke yake na jiko la makaa." Akavuta pumzi. "Chumba nimekwisha kutengeneza. Nipate tu mtu wa kumwona kwa macho aniambie. Ikiwa ni kweli, mwisho wa mwezi nakuja kumchukua."

Lori lilijaa. Tuliteremka kwa njia ya Mahagi na Djugu. Juma lile njia ilikuwa imetulia. Amani yetu ni ya namna hiyo, ya kuulizana: madereva wawili wanakutana, wanazima injini, wanaulizana kule mbele iko namna gani, wanawasha tena. Tulifika Bunia asubuhi, jua bado la upole, na nilikwenda moja kwa moja kwa Prefe na vumbi langu.

Alikuwa mezani, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, miwani puani, doa jekundu mahali pake.

"Ahaa! Mutoro!" akasema. Ndivyo alivyoniita tangu shuleni. "Umetoka wapi, na karatasi ya ruhusa iko wapi?"

"Nimetoka Aru, Prefe. Nilisema nipite nikusalimie."

"Kunisalimia ama kunipima?"

Nikaanza kujipangusa vumbi.

"Uliza basi, usiogope. Saba mara nane."

"Prefe, mimi siwezi..."

"Hamsini na sita. Na saba mara tisa ni sitini na tatu. Hii ya tisa weye ulikuwa unakosa mpaka mwaka wa ine. Kaa. Kuko chai."

Nikakaa. Na jicho la kushoto likajifinya.

Alivuta kutoka chini ya gazeti kaye kubwa, daftari la rejista ya mahudhurio ya shule, ile ndefu yenye mistari ya miraba. Akaifungua mbele yangu. Upande wa kushoto majina yetu, kwa mpangilio wa alfabeti. Safu ya pili ilikuwa ya makao: Nizi, Marabo, Mahagi, Kinshasa. Mbele ya jina langu makao yalikuwa yamefutwa na kuandikwa upya mara nyingi hata yakatoka nje ya mstari, yakapanda pembezoni mwa ukurasa. Kisha miraba ya siku, na ndani ya miraba alama ndogo nyekundu.

"Jana arobaini na mbili wamenisahihisha," akasema kwa majivuno. "Saba mara nane iko na nguvu sana. Ile ya Marabo ilileta makumi tatu tu."

Hapo nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Katika ile miaka mibaya, darasa lilipobaki na wanafunzi kumi na wawili, kisha tisa, Prefe alikuja mwenyewe kila asubuhi kuita majina. Kazi hiyo si ya prefe, ni ya mwalimu wa darasa. Lakini alikuja yeye, na aliita majina yote, hata ya waliokimbia, na baada ya kila jina alingoja kidogo, biki hewani, kama vile mtu angeweza kujibu kutoka mbali.

"Prefe," nikasema, "kwa nini usiulize tu kama tuko salama?"

"Nimeuliza! Miezi mitatu nimeandika vizuri, na viatu na soksi. Mulijibu nini? Salama Prefe, asante Prefe. Mutu wa heshima anajibuka salama hata kama nyumba yake iko nawaka. Wengine hawakujibu kabisa, waliogopa biki." Akacheka. "Mi nikasema, hawa kunisalimia hawawezi. Lakini kunisahihisha! Hiyo wameingoja tangu wakiwa na miaka kumi na mbili. Mutu atakosa muda wa kula, atapata muda wa kunisahihisha."

Kisha akaweka kidole kwenye jina la yule mama wa Nizi.

"Huyu ni wa kwanza kila siku. Ananitukana vizuri sana. 'Prefe, weye tena!' Juma moja akatuma sura moja tu ya kucheka, bila tusi. Nikaandika hapa alama ndogo ya kuuliza, unaona? Kesho yake, kimya. Nikapiga telefone, imezimwa. Nikamuita mwenzenu wa Marabo, ule iko na moto, ile pikipiki yake, nikamwambia twende tutafute. Tulimupata hapahapa Bunia, ndani ya kiwanja cha kanisa, na batoto wane na sufuria moja. Walitoka Nizi mbio, vita imeingia, telefone haina chaji. Sasa niambie, weye uko ndani ya ile grupu. Ulijua?"

Sikujua. Hakuna aliyejua. Juma lile grupu ya pili ilikuwa inajadili kama kumwita mtu kifaranga ni dalili ya ugonjwa. Mama mwenyewe, njia ilipotulia, alirudi Nizi kwenye masufuria yake, na asubuhi ya kwanza alimtukana Prefe mistari mitatu.

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Hapo kwenye meza ile nilikuwa na furaha ambayo sijaipata katika miji yote niliyopita. Tulimpima akili kwa paka zake, kumbe yeye alikuwa anatusoma sisi: nani amejibu haraka, nani amekosa mzaha, nani amepunguza maneno. Maandishi yetu ya ovyo aliyasoma kama daktari anavyosikiliza kifua.

"Unajua kama wanasema umepoteza akili?"

"Mutoto wangu ameniambia. Ameniulizia hata jina langu." Akafunga rejista taratibu, na kicheko kikamtoka usoni. "Ametengeneza chumba. Kiko na dirisha kubwa, amenitumia picha. Mi naona ni chumba kizuri. Lakini kutoka Kampala nitaenda na miguu gani kwenye kiwanja cha kanisa? Nitamutuma nani na moto? Batu ya kutuma wengi wako hapa. Mi nikitoka hapa, hii ni karatasi tu."

"Basi mwambie ukweli."

"Iko na roho nzuri, siri hawezi. Atawaambia siku hiyohiyo. Na kesho yake wote mutasimama: 'Niko, Prefe!' Hata ule iko kitandani. Mutanirudishia heshima, na mi nitabaki kipofu."

Nikamwahidi kwamba grupu haitasikia kutoka kwangu. Naandika haya bila hofu ya kuvunja ahadi, kwa sababu katika wote wale hamna hata mmoja anayesoma kitu kinachozidi urefu wa kiganja.

Lakini Yaya alikuwa anangoja jibu. Nilimpigia kutoka barabarani.

"Yaya, uje mwenyewe."

"Yuko vibaya hivyo?"

"Uje tu. Ukae naye asubuhi moja. Usimuulize hesabu."

Alielewa kinyume, na kosa lilikuwa langu. Alifika baada ya siku nne na mifuko miwili mikubwa, yote mitupu, ya kutilia nguo za baba yake. Aliiweka mlangoni. Prefe aliiona, akaizunguka kila alipotoka na kuingia, wala hakuitaja.

Mchana ule Yaya alijaribu kumpima kwa ufundi wa kiuuguzi, huku akichambua sombe, majani ya mihogo, kana kwamba hana neno.

"Papa, leo ni siku gani?"

"Kwa grupu ama hapa?"

"Papa, nakuuliza kweli."

"Hapa ni Alhamisi. Kwa grupu bado sijaamua, Mama." Alimwita Mama kwa kuwa Yaya ana jina la bibi yake, mama wa Prefe, kama ilivyo desturi. Yaya alinitazama. Hakucheka.

Asubuhi ya Ijumaa tulikaa watatu mezani. Prefe akavaa miwani, akafikiri kidogo, akaandika: "Heri ya mwaka mpyaaa vifaranga!" Ilikuwa mwezi wa saba. Akatafuta paka, akampata mwenye kofia, akatuma. Kisha akafungua rejista, akaishika biki, akangoja.

Jumbe zikaanza kuingia. Prefe, weye tena! Prefe, tuko mwezi wa saba! Heri na kwako, umelala miezi sita? Kila ulipoingia ujumbe alisema jina kwa sauti ndogo na kutia alama. "Nizi. Muzuri, ametukana. Mahagi. Kinshasa, huyu leo amechelewa, atakuwa ameenda salongo kufagia barabara." Yaya alisogeza kiti. Macho yake yalitoka kwenye simu kwenda kwenye miraba, kutoka kwenye miraba kwenda kwenye kidole cha baba yake. Hakuna aliyemweleza kitu.

Halafu ukaingia ujumbe wa Mwanasheria. Ulijaza kioo chote. Kwa kuzingatia kalenda, na kwa kuwa mwaka mpya uliadhimishwa tayari, hivyo basi. Hakuna herufi iliyokosa mahali pake.

Prefe akaweka biki chini. "Huyu haiko muzuri," akasema.

"Papa, huyu ndiye anayeandika vizuri kupita wote," Yaya akasema. "Ndiye aliniletea orodha."

"Ndiyo. Zamani aliandika vile mara moja kwa juma. Sasa ni juma mbili, kila asubuhi, kila mutu akisema kitu. Mutu wa kazi anapata wapi ule muda?" Akapiga simu, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Prefe! Heshima zangu," ikaja sauti kutoka Kisangani.

"Uko wapi?"

"Niko ofisini, Prefe."

"Umekaa ama umelala?"

Tulisikia mlango wa chuma, na mwanamke akiita mtu aje na beseni.

"Nimelala, Prefe."

"Tangu lini?"

"Juma mbili. Moto ilinigonga. Ni mguu, wameniwekea plasta mpaka huku juu." Akashusha sauti. "Sikutaka watu wajue. Ofisi yenyewe, Prefe... haiko. Tangu mwaka jana haiko."

"Na ile orodha yangu yote uliandika ukiwa kitandani?"

"Nilikuwa na muda, Prefe."

Prefe alicheka kwanza, kisha Mwanasheria akacheka kule kitandani, kisha akasema aah, aah, mguu. Prefe alikuwa amekwisha kupitisha kidole kwenye safu ya makao. "Sikiliza. Kuko mwenzenu anauza madaftari hapo Kisangani, promosyo, ile darasa iliyofuata yenu. Mchana atakuja na chakula. Usimuandikie barua ya kushukuru, umuambie tu kwa kinywa."

"Umejuaje, Prefe? Nani amekuambia?"

"Pona kwanza," Prefe akasema, akakata. Akatia alama kwenye mraba wa Mwanasheria, na pembeni yake akachora mguu mdogo.

Yaya alivuta rejista upande wake, akaipitia ukurasa baada ya ukurasa, miezi na miezi ya alama nyekundu, akirudi pale penye alama ya kuuliza. Mwishowe akaisukuma tena kwa baba yake.

"Niandike na mimi."

"Weye? Weye ulisoma kwa masista. Hii ni ya banafunzi yangu."

"Niandike, Papa."

"Wakati wa kuandikisha umepita. Anayechelewa anakuja na muzazi wake."

"Muzazi iko hapa. Amevaa miwani yangu, yake iko kichwani."

Prefe akapapasa kichwani, akaikuta. Akabadilisha miwani kwa heshima zote za ofisi, akafungua ukurasa wa mwisho, akaandika jina la binti yake polepole chini ya majina yetu, kwa mwandiko ule wa barua. Kisha biki ikahamia kwenye safu ya pili, ikasimama hewani. Hakuinua macho.

"Makao?"

Yaya aliigeukia ile mifuko mlangoni, akaitazama kidogo, akaichukua akaikunja mmoja ndani ya mwingine.

"Kampala," akasema. "Niko naishi peke yangu."

Prefe akaandika Kampala.